Sauti Yako Iko Upande wa Kushoto

Mayu wangu,

Shikamoo. Najua umeketi, maana ukipewa karatasi ya kusoma unaketi kwanza, unapangusa miwani kwa upindo wa kitenge, ndipo unauliza nani amekufa. Hajafa mtu. Limi ameota jino la pili na ananing'ata nikimnyonyesha. Sisi hapa Nyahanga tu wazima.

Kwenye mfuko aliokupa mkweo kuna vitu viwili. Kimoja ni simu yangu ya zamani, ile yenye ufa kwenye kioo. Kingine ni hedifoni. Usitafute waya, haupo, na usimwambie Baba Limi kwamba kapunjwa dukani. Zinashikana na simu hewani, kama redio inavyoshika stesheni. Usizivae bado. Nisome kwanza mpaka mwisho, nakuomba.

Mama, unakumbuka tulivyokuwa tunatembea mimi na wewe? Upande wako wa kulia siku zote. Tukitoka kisimani, tukienda gulioni, mimi kulia. Hukuniambia, na mimi sikukuuliza. Nilijifunza tu, kama mtoto anavyojifunza kwamba jiko ni la moto. Nikikuongelesha kutoka kushoto ulikuwa unaendelea kukoroga ugali.

"Mama, nimesema chumvi imeisha."

"Umesema saa ngapi? Nyie watoto mnanong'ona kama wezi."

Ilikuwa karasha ile, mashine ya kusaga mawe. Tulipokuwa Bulyanhulu, wewe ndiye ulikuwa unailisha mawe ya wachimbaji, asubuhi hadi jioni, ubavu wa kushoto ukiielekea ili mkono wa kulia upate nafasi ya kutupa koleo. Ulijaza masikio vipande vya kanga, vikadondoka, ukavirudisha, mwishowe ukaviacha. Mashine ilikuwa inazimwa jua linazama, lakini wewe ulirudi nyumbani bado unapaza sauti, umejaa vumbi la mawe hadi kwenye kope, unatusalimia kama tuko ng'ambo ya mto. Nilidhani mama wote jioni huongea hivyo.

Hukumwambia mtu kuhusu sikio. Najua kwa nini. Mwenye karasha angempa mwingine lile koleo, na koleo lile ndilo lilinifikisha darasa la saba na miaka miwili ya sekondari, kabla mambo hayajatushinda. Wabeja, mayu. Sijawahi kukushukuru kwa hilo, maana hatukuwa na namna ya kulitaja.

Ila ukiimba hukupaza. Hilo lilinishangaza hata nikiwa mdogo. Mwanamke aliyetupigia kelele za kula alisimama kanisani na kwaya, Mama Masanja akiwa kuliani kwake, na sauti ikamtoka laini kama maziwa yanavyomiminwa kwenye kibuyu. Watu walikuwa wanasubiri ubeti wako. *Nilipokuwa chini ya mwamba, nani aliniita jina?* Ulikuwa unauanza peke yako, wanaume hawajaingia, kinanda kimenyamaza, na mimi pale kwenye benchi la watoto najigamba moyoni: yule ni wangu.

Halafu ikaja siku ya kurekodi. Mlikuja hapa mjini Kahama na sare zenu za kijani, mkaimbia kwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Ulicheka sana ukinisimulia. "Kabula, tumemwimbia Mungu kwenye magodoro!" Mimba ya Limi ilikuwa changa, nilicheka mpaka nikatapika.

Yaliyofuata nayajua kwa kuambiwa. Wimbo ulipotoka mlikusanyika kwa Mama Masanja, kila mtu akapewa zamu ya kuvaa hedifoni ya yule kijana fundi wa kurekodi. Ilipofika zamu yako ulisikiliza wimbo mzima umeinamisha kichwa. Ukamsikia Mama Masanja. Ukawasikia wanaume na kinanda. Ulipofika ubeti wako, kimya. Ukavua ile hedifoni ukaiweka mezani, ukasema, "Mmenifuta. Si mngesema tu kwamba sauti yangu imezeeka."

Na Mama Masanja, kwa utani wake ule usio na breki, akakujibu, "Mama Kabula, mbona upo! Kwani masikio umeyaacha wapi leo, kwenye karasha?"

Wakacheka wote. Hawakujua wamecheka nini. Wewe ulijua. Ulikunja sare ya kijani ukamwachia kwenye kiti chake, na haikupita wiki ukahamia Samuye kwenye shamba la mjomba. Waliokufuata kukuambia upo kwenye wimbo uliwafukuza, ukasema wanakufanya kichaa. Hata mimi nilipojaribu kuuliza uliniambia, "Niache. Nina mihogo ya kupalilia."

Nilipojifungua ulikuja. Ulimwogesha Limi, ulinikanda kwa maji ya moto, ulinipikia uji wa ulezi nikashiba. Lakini hukumwimbia. Mama, uliyenilea kwa nyimbo, ulimpigapiga mtoto mgongoni kimya kimya. Siku moja nilikusikia unaanza chini ya pumzi, kidogo tu, halafu ukaimeza sauti. Nilijigeuza ukutani ili usinione. Niliogopa. Nikawaza, mwanangu atakua, na bibi yake atakuwa hai, na hatajua sauti yake.

Sasa nikwambie kazi yangu. Nauza kwenye duka la vifaa vya simu, la Bi Rukia, mama mmoja wa Tanga aliyeolewa huku zamani. Limi nampakata, wateja wamemzoea. Nimejifunza mambo ya hedifoni mpaka ungenishangaa. Vijana wa bodaboda wanachotaka ni besi. "Dada, nipe inayotikisa ubongo." Nami nawaambia besi ikizidi inameza maneno, utasikia ngoma lakini mwimbaji atakuwa kama anaimba ndani ya gunia. Nzuri ni ile inayokusikilizisha hata pumzi ya mtu kabla hajaanza neno. Zipo za kuchomeka kama punje za mahindi, zinapotea vibaya sana. Zipo za kufunika sikio lote. Zipo zinazopunguza kelele za nje, na wachimbaji wanazipenda, ila Bi Rukia hakubali waende nazo kwenye mashine. "Hii ya muziki, baba. Masikio ya kazini yana kinga yake, kanunue kinga." Kila akisema hivyo naviona vile vipande vya kanga.

Na ana sheria yake moja. Bidhaa haitoki dukani hadi ijaribiwe mbele ya mteja, kushoto peke yake, halafu kulia peke yake, kwa sababu hizi bandia huwa zinakufa upande mmoja na mtu akifika nyumbani anarudi na matusi.

Juzi aliingia Mama Masanja. Nilitaka kujificha chini ya meza. Alimshika Limi, akamtazama, akasema, "Huyu ni Mama Kabula mtupu, hata kununa." Alitaka hedifoni za mwanawe anayekwenda chuo. Nikamwambia lazima tujaribu, atoe wimbo wowote kwenye simu yake. Akaniwekea ule wenu.

Nikasikiliza kushoto kwanza. Mama, nilisikia kikohozi. Kikohozi chako cha vumbi, kile kidogo cha kusafisha njia. Halafu ukaanza, *Nilipokuwa chini ya mwamba*, karibu sana, kama umeinama juu yangu unaniangalia homa. Machozi yakanitoka mbele ya wateja.

Nikahamia kulia. Ubeti ukafika. Hupo. Kabla na baada yake Mama Masanja yupo, wanaume wapo kwa mbali, ila wewe hupo kabisa. Nikadhani upande wa kulia ni mbovu. Nikafungua boksi jingine. Vilevile. La tatu, vilevile. Bi Rukia akaniuliza, "Mwanangu, wamaliza duka zima kwa nini?" Nikamvalisha. Akasikiliza, akahamisha, akatikisa kichwa.

"Hedifoni nzima hii. Fundi wao ndiye kawagawa. Kama kanisani mnavyokaa, hawa kushoto, hawa kulia. Mwenye masikio mawili anawapata wote. Ila huyu fundi kazidisha, kamweka huyu mama ukingoni kabisa."

Mwenye masikio mawili. Niliketi chini na mtoto wangu.

Nikamwambia Mama Masanja. Nisamehe, mayu, nimelitoa lile ambalo hukulitoa. Nilimwambia sikio lako la kushoto limekufa tangu Bulyanhulu na ulisikiliza nusu ya wimbo, na ile nusu nyingine ndiyo uliyokuwemo. Akashika mdomo kwa mikono miwili. "Na mimi nikamwambia masikio ameyaacha kwenye karasha," akasema. "Ee Mungu wangu. Mbele ya watu."

Akaniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kukufikishia, kwa kuwa ulikuwa unawafukuza kabla hawajakaa. Fundi alitaka kukikata kile kikohozi, akasema kinachafua wimbo. Yeye Mama Masanja ndiye alikataa. Alimwambia, "Kiache. Watu wetu wakikisikia watajua ni Mama Kabula, na watajua sote tumetoka wapi." Hawakufuta hata kikohozi chako, mama. Na tangu uondoke, wakiimba wimbo ule kanisani hakuna aliyechukua ubeti wako. Wakifika hapo wananyamaza, kinanda kinapiga peke yake, kisha wanaendelea.

Bi Rukia ameniandalia simu. Kuna mahali ndani yake unaiamuru imwage sauti zote kwenye kila sikio, kushoto na kulia sawa, asibaki mtu nje. Kama uji uliokuwa kwenye vikombe viwili ukaumimina kwenye kimoja. Nimekuchagulia za kufunika sikio ili zisidondoke kwenye kilemba. Zina chaji ya kutosha. Zikiwaka kuna mwanamke atasema neno la Kiingereza, usimjibu.

Utasema tumerekodi upya ili tukubembeleze. Ndiyo maana nimekwambia habari ya kikohozi. Hakuna anayeweza kukohoa kama wewe.

Mimi nina hofu kidogo ninavyoandika. Nahofia utaona nimekuaibisha. Lakini mama, sikio lako halina aibu yoyote kwangu. Nimetembea kuliani kwako miaka yote, na ningeambiwa nizaliwe tena ningekuja upande huohuo. Ninachotaka ni kimoja, urudie kuimba. Kanisani ukipenda, usipopenda hapohapo uani kwako. Limi amefika umri wa kushangaa sauti. Anageuka hata jogoo akiwika kwa jirani.

Sasa neno la mwisho, na usinikasirikie. Baba Limi hakuja peke yake. Mama Masanja yuko pale dukani kwenye njia panda, amekaa kwenye benchi. Alikataa kusogea hadi uani kwako. Alisema, "Mtu niliyemcheka mbele ya watu siwezi kumpigia hodi. Aniite yeye." Amebeba sare ya kijani, ameifua na kuipiga pasi mwenyewe. Usipomwita, atapanda pikipiki arudi na hatasema neno, ameniahidi.

Basi vaa hedifoni, mayu. Mwambie mkweo abonyeze. Sikiliza mpaka ubeti upite, usiharakishe. Kisha umtume Baba Limi njia panda, au usimtume. Chai ya mgeni sijaisahau, majani na sukari vipo chini ya mfuko.

Ni mimi mwanao wa kuliani,
Mama Limi