Baba, Nilimpaka Bobi Maji ya Dipu

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni, mtoto mgongoni. Siku hizi naogopa kumweka chini. Huyu hukumwona. Alizaliwa nywele tulizonyoa kwenye matanga yako hazijaota vizuri, tukampa jina lako, Ochieng'. Sasa anatambaa, na kila anachookota kinaingia mdomoni.

Yule mbwa wako jike alizaa mara moja tena, kisha akafa. Nilichukua mtoto wake mmoja nikamleta huku kwangu Ahero, maana mume wangu yuko kazini Kisumu, hurudi Jumamosi tu. Anaitwa Bobi. Hukohoa kidogo kabla ya kubweka, kama wewe kabla ya kuongea.

Basi Bobi akashikwa na upele. Ulianza kwenye ncha za masikio, ukashuka viwikoni na tumboni, manyoya yakatoka, akawa anajikuna mpaka damu. Halafu siku moja namwogesha mtoto, naona vidoa vyekundu tumboni mwake. Baba, nilikaa chini palepale na sabuni mkononi.

Mama mkwe hakuzunguka. "Mtoto au mbwa, chagua. Ukishindwa, shemeji yako atampiga rungu Jumapili." Kisha akanichoma: "Na wewe ndiye msichana wa mtu wa dipu! Baba yako aliondoa kupe kwa ng'ombe wa Kano yote, wewe mbwa mmoja amekushinda."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka kwenye dipu, lile josho la ng'ombe lenye dawa ya kupe. Daktari wa mifugo yuko mjini, anatibu mbwa wa Milimani wanaoletwa kwa gari. Mimi nilikumbuka watu walivyokuwa wakingoja ng'ombe wa mwisho atoke, wanakuomba maji ya dipu ya kupaka mbwa wao. Wengine uliwapa, wengine uliwafukuza. Sikuwahi kukuuliza kwa nini. Nikaenda siku ya kuogesha ng'ombe, nikachota mkebe mzima, nikampaka Bobi kutoka kichwani mpaka mkiani. Nikajiona nimefanya kama wewe.

Hata maji ya chai niliyobandika hayakuwa yamechemka. Bobi akaanza kutetemeka, mate yanamtoka, miguu ya nyuma imelegea. Nikakimbilia maji na sabuni. Nilipogeuka, Ochieng' alikuwa amekaa kando ya mkebe, kifuniko kiko mdomoni.

Sijui nilipiga kelele gani. Nilimwosha mdomo, nikamvua nguo, nikakimbia naye dispensari bila viatu, nikamwacha Bobi amelala kwenye matope. Njia nzima nilikuwa namnusa mdomo. Ndipo nikakumbuka wewe ukitoka kazini, huingii ndani, unasimama uani unanawa mpaka viwiko, na tukikukimbilia unatukemea: "Nyara, binti yangu, rudi nyuma! Usiniguse bado." Nilidhani siku za dipu hunipendi. Baba, nilidhani hivyo miaka mingi.

Tuliwekwa pale mpaka jioni. Hakutapika, hakutetemeka. Dresa, yule mhudumu wa dispensari, mzee mpole, alitazama vidoa vyake. "Upele wa mbwa utamwasha tu, haukai kwa mtu. Mbwa akipona, nao utaisha. Lakini dipu, mama, dipu ni sumu. Mbwa hujilamba mwili wote, anaimeza." Akanipa dawa ya watu wasio na gari: salfa, ule unga wa manjano wa dukani, kijiko kimoja kwa vijiko kumi vya mafuta ya kupikia.

Nilimkuta Bobi amejikokota chini ya ghala, hai.

Tangu siku hiyo namwosha kwa sabuni, namkausha juani, nampaka sehemu moja leo, nyingine kesho, mdomo nimeufunga kwa kitambaa mpaka dawa iingie kwenye ngozi. Gunia lake nalichemsha. Amefungwa mbali na mlango na analia, nami sigeuki. Shemeji alipokuja na rungu nilimwambia, "Shemeji, hilo peleka kwa nyoka. Nipe mwezi." Alicheka akaenda. Mwezi huo unaisha Jumapili hii.

Tumbo la Bobi limeota manyoya laini kama ya kifaranga. Vidoa vya mtoto vilikuwa vimefifia. Lakini leo asubuhi nimeona kingine kipya, shingoni. Inaweza kuwa mbu. Nimekitazama mara nne, na kila nikitazama naona kimekua.

Nakuahidi hivi: maji ya dipu hayataingia tena kwangu. Na kidoa hiki kikiwa upele, nitambeba Bobi mwenyewe mpaka nyumbani kwetu, kwa mama, atibiwe huko mbali na mtoto. Kupigwa rungu, hapigwi.

Lala salama, Baba. Ochieng' ameanza kujikuna hapa mgongoni. Ngoja nimfungue nimwangalie.

Binti yako,
Akinyi