Mbuzi Walioletwa Baada ya Moko

Tseikuru,
Agosti 1991

Kwa kaka yangu Mulei,

Pokea salamu zangu nikitumaini zitakukuta hapo Matiliku ukiwa mzima, pamoja na mama, ambaye nasikia magoti yanamsumbua. Mimi sijambo, ila jua la huku halina huruma na maji tunayafuata mbali.

Kazi ya ualimu uliyonitafutia naipenda. Muhula huu nimewatayarisha wanafunzi wa kidato cha nne kwa moko. Niliwafundisha kusoma swali mara mbili kabla ya kushika kalamu, na kutong'ang'ania swali moja huku mengine yakiwangoja. Niliwaambia tena na tena kwamba moko ni mazoezi, mtihani wenyewe ni Novemba. Wao walielewa. Wazazi sikuwaambia, nikidhani wanajua.

Sisi walimu huwa tunakaza alama za moko ili watoto waingiwe na hofu, wasome. Hesabu niliisahihisha mimi, na nilikaza kweli. Syombua, msichana ninayemtegemea kuliko wote, akapata D. Yeye alicheka, akasema Novemba atanishangaza. Baba yake, Mzee Mwangangi, hakucheka. Aliona karatasi ina muhuri, akajua serikali imeshasema. Wiki hiyohiyo akapokea mbuzi wa ntheo, wa kumposa Syombua, na unajua wakishachinjwa, kwetu msichana ni mke wa mtu.

Nilikwenda kumweleza. Alinipa chai, akasema yeye hakusoma lakini hawezi kuamini kwamba watu wazima wanafunga bahasha kwa lakiri kwa ajili ya mazoezi. Nilipomwambia alama tulizikaza makusudi, aliniuliza kwa upole kama basi walimu ni waongo. Nilimaliza chai, nikaaga.

Syombua bado anakuja darasani. Anamaliza hesabu zote, kisha ananitazama tu. Nami nimebanwa kila upande, kaka, maana Mzee alinitajia mwenye mbuzi. Ni wewe.

Najua hukujua kwamba ni mwanafunzi wangu. Ulimwona dukani kwa baba yake ulipokuja kununua mifugo. Najua pia karo yangu ya chuo ulilipa wewe. Nilikukasirikia, kisha nikaona aibu kukukasirikia, kisha nikakasirika upya.

Syombua akikataa, atamvunjia baba yake heshima. Mzee akirudisha mbuzi, atachekwa na soko zima. Anayeweza kughairi ni muoaji peke yake. Kwa hiyo jana baada ya ibada nilimwambia Mzee, mbele ya mchungaji, kwamba umeghairi, na mbuzi umewaachia. Aliniamini kwa kuwa mimi ni dada yako. Ndiyo, nimegawa mbuzi wako bila ruhusa.

Barua hii nimempa Jonah wa lori ili ikufikie kabla ya Jumamosi, siku uliyopanga kuja kuwachinja. Nisalimie mama, umwambie nitakuja Desemba. Nakuomba usije, Mulei. Ukija, Syombua hatafanya mtihani, nami sitakuwa na pa kuweka uso wangu huku wala huko.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinichukia,
Nthenya