Jalada la Hisabati

Jumatatu, 14 Januari

Vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, limeingia hadi ndani ya kabati. Nimefuta rafu zote za maktaba, na hakuna aliyekuja kuzichafua. Mtu wa mwisho kwenye daftari la kuazima ni wa Novemba. Aliazima kamusi.

Asubuhi Makamu wa Mkuu wa shule, Bwana Amenyo, kawatangazia wasichana wa kidato cha tatu: kuanzia leo hadi mtihani wa mwisho ni pasko tu, yaani vile vitabu vya maswali ya miaka iliyopita. Atakayekutwa na hadithi wakati wa prepu ya jioni, hadithi itachomwa na yeye atafyeka majani wiki nzima. Walimu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Mkutubi mzima!

Alhamisi, 17 Januari

Kaja mmoja. Sitsofe wa Sayansi B, mtoto wa muuza kenkey, yale madonge ya mahindi, pale stendi. Maneno yake ni ya kuhesabu, huyo. Hakuja kusoma, alikuja kutafuta mahali pa kulia. Jaribio la Hisabati kapata tisa kwa mia. Mama yake anafunga kila Ijumaa kwa ajili ya mtihani huu, na kila Jumapili anampigia simu kumkumbusha kuwa anafunga.

Nikampa kitabu cha maajabu, kile walichoacha wamisionari, kikongwe kuliko mimi. Binti kaibiwa sauti na mfalme wa chini ya ziwa, anakwenda kuidai. Alisoma kurasa mbili amesimama. Halafu akauliza kama anaweza kukaa.

Jumamosi, 2 Februari

Wamechoma vitabu tisa nyuma ya jiko. Sita vina muhuri wangu. Mpishi alilalamika kwamba moshi unaingia kwenye shito, pilipili yake ya kukaanga.

Cha Sitsofe hakikuwamo. Wiki iliyopita nilikifumua, nikashona kila sura peke yake ndani ya jalada kuukuu la pasko. Sindano, uzi, gundi kidogo. Kwa nje ni Biolojia. Ndani ni ziwa. Naona aibu, na naona raha. Sijashona kitu kwa moyo namna hii tangu binti yangu aolewe.

Jumatano, 13 Februari

Sasa wako kumi na mmoja! Wanapokezana sura. Bwana Amenyo kapita maktaba kunipongeza — ati Sayansi B wamekuwa watu, wamezama kwenye pasko hata kengele hawaisikii. Nikamshukuru. Nikaingia stoo nikacheka hadi machozi.

Jumapili, 10 Machi

Sitsofe kaongea robo saa nzima! Ana hasira na yule mvushaji wa kitabuni, mwenye mtumbwi. Ndiye aliyemvusha binti hadi kwa mfalme, anajua tangu mwanzo nani mwizi, na amekaa kimya asije akapoteza kivuko chake. "Mfalme angalau ni mbaya waziwazi, Madam," kaniambia. "Huyu anajifanya mwema."

Jaribio la pili kapata thelathini na nane. Sijui kama ni kitabu. Yeye anasema ni kwa sababu siku hizi analala. Mwenzake wa kitanda cha juu halali, alianguka jana barazani, wakampa glukosi na kumrudisha darasani.

Jumapili, 14 Aprili

Kesho ni Hisabati. Kaja kuomba sura ya mwisho. Nilikuwa nimepanga kumpa mitihani ikiisha. Nilimwona macho yalivyomtoka, nikalegea.

Jalada lililobaki lilikuwa moja tu, la Hisabati. Nikashona harakaharaka. Kasema hatasoma leo. Ataanza akishatoka tu ukumbini, iwe zawadi yake.

Jumatatu, 15 Aprili

Wamemkamata Sitsofe.

Jumanne, 16 Aprili

Naandika hapa benchi, nje ya ofisi ya Bwana Mkuu.

Sura ile ilikuwa mfukoni mwa sare. Alitaka iwe karibu akitoka, basi. Dakika ya arobaini alivuta leso, ikaanguka. Msimamizi, mtu wa baraza la mitihani, akaiokota. Hadithi asingeijali, mwenyewe kasema. Lakini upande wa ndani wa jalada umechapwa kanuni zote — pembetatu, duara, zote. Nilizipaka gundi kwa vidole vyangu. Niliziona, na hazikuniambia kitu.

Wamemuuliza nani kamshonea. Tangu jana hajajibu. Akinyamaza, anafutiwa masomo yote, na hafanyi tena mtihani kwa miaka miwili. Msimamizi anasema mtu mzima akithibitisha kuwa ni kitabu cha hadithi tu, na kwamba mtoto hakutengeneza jalada mwenyewe, wataweza kumfikiria.

Bwana Mkuu aliniita saa tatu, Bwana Amenyo pembeni yake. Anajua. Ni nani mwingine hapa anashona?

"Dada Kafui, umebakiza miaka miwili ustaafu," kaanza, taratibu. "Tukisema ni mfanyakazi wetu, watasema shule inawashonea watoto majibu. Watatufutia wote. Wasichana mia tatu na kumi. Unataka kuwaponza na hao?"

Halafu kanipa karatasi. Sentensi moja: jalada hili silijui. Chini, mahali pa kusaini.

Mia tatu na kumi. Nimejaribu kuwaza nyuso zao. Inakuja moja tu. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimechimba, kaingia mtoto.

Sitsofe kaketi mwisho wa benchi hili hili. Sare ameipiga pasi. Nilisogea, nikamwambia mimi ndiye wa kulaumiwa. Akatikisa kichwa. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Madam, yule mvushaji. Mwishowe alisema?"

Nikamwambia sikumbuki.

Miaka thelathini na moja ninacho kitabu kile! Naukumbuka ukurasa wenyewe, hata doa la chai chini yake. Kaniangalia kidogo, akasema haidhuru, ataisoma wakimrudishia.

Bwana Amenyo kafungua mlango, anauliza kama nimeshasaini, msimamizi anataka kuondoka. Karatasi iko hapa chini ya shajara. Getini naona mama wa Sitsofe anaingia, aproni ya kazi bado kiunoni, anamuuliza mlinzi ofisi iko wapi. Mlinzi ananyoosha kidole huku kwetu. Mtoto amesimama. Nami nasimama, na sijui bado —