Gari la Mzee na Lile la Mwalimu

Ijumaa jioni, Agosti 1974. Kebirigo. Mvua imenyesha tangu mchana, barabara ni utelezi mtupu.

Naogopa. Naandika hili mapema nisije nikajidanganya huko mbele.

Juzi gari la mwalimu, jirani yetu, lilimshinda kwenye mteremko wa Ikonge, likapinduka kwenye shamba la chai. Mwalimu alivunjika mguu. Tulipokwenda wanawake kumwokotea vitu vyake, nililikuta gari limelala chali. Kile chuma kinachoshika gurudumu la mbele ili lifuate usukani kilikuwa kimechomoka kwenye kiungo chake.

Kilichonitetemesha si mguu wa mwalimu, Mungu anisamehe. Chuma kile nakijua. Kila asubuhi nainama kuwafukuza kuku chini ya gari la Mzee, baba mkwe wangu, na kiko pale, kimepindwa vile vile, kimevishwa mpira mweusi ule ule.

Na Mzee alinunua lake kwa sababu moja tu: halikuwa la aina ya mwalimu. Taa zake ni za duara, za mwalimu ni za mraba. Nembo ni nyingine, viti ni vingine, hata honi inalia tofauti. Soko zima limemsikia akisema, "La mwalimu ni mabati ya kuezekea. Langu ni chuma."

Jana nilimfuata kaka yangu Ondieki, anayetengeneza magari Kisii mjini. Alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Dada, hayo ni mapacha. Kiwanda ni kimoja, wanabadilisha sura tu. Hicho kiungo hakiwezani na barabara zetu. Mwambie Mzee alilete, nimwekee kipya."

Akanifundisha kupima: shika gurudumu la mbele pande mbili, litikise. Likigonga, usipande.

Leo asubuhi nimelitikisa. Limegonga.

Mume wangu yuko kazini Mombasa, nami siwezi kumkabili Mzee. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawabishani ana kwa ana, wala hawakai karibu. Ni aibu kubwa kwa wote wawili. Nikampa mama mkwe ujumbe. Alirudi haniangalii usoni.

"Mama Kwamboka, amesema gari lake halina undugu na la mtu. Na amesema kaka yako anajitafutia kazi tu."

Sasa jua limezama, Sabato imeingia. Hata Mzee akibadili nia, hakuna mtu hapa atakayeshika spana mpaka kesho jioni. Na kesho asubuhi anawapeleka wajukuu makambini, kwenye mkutano wa kanisa, kwa mteremko ule ule. Binti yangu Kwamboka amekwisha kupiga pasi gauni lake. Ameahidiwa kiti cha mbele kwa kuwa amekariri mafungu ya Biblia kuliko wenzake, na tangu jana haachi kuwaringia.

Ningeweza kusema Kwamboka anaumwa. Lakini wale wengine je? Nao wamezaliwa na akina mama kama mimi.

Nimepata wazo moja, na naona haya hata kuliandika. Kesho, Mzee akiwa bado anakunywa chai, nitaingia garini nikae mimi kiti cha mbele. Sitasema neno. Hawezi kuketi bega kwa bega na mke wa mwanawe, waumini wakiona. Atatuma watu wanitoe, nami sitatoka. Nitasemwa mpaka Kisii mjini, pengine mume wangu ataitwa arudi kuniuliza nimerogwa na nani. Wacha wanione mwendawazimu. Watoto wataenda kwa miguu, watafika na matope.

Ila namjua Mzee. Ubishi wake ni mkubwa kuliko aibu yake.

Je, akifungua mlango, akaketi kando yangu, akawasha, na watoto wamekwisha kujaa nyuma?