Mwenye Sikio Jeupe

Jumanne, 5 Juni 1979
Ukungu haujainuka toka asubuhi. Zahanati inaelea, na mume wangu Patrisi anaelea humo na sindano zake. Mwanangu Leonida kakaa mlangoni anasoma kipande cha gazeti kilichofungia sukari. Ana miaka minne tu! Nani kamfundisha? Namtazama hadi chai inapoa.

Jioni tulikwenda kwa jirani yetu Namunyak, mbuzi wakiingia bomani. Leonida akawahesabu kwa sauti, wote. Kisha akahesabu watoto wa Namunyak, akiwagusa vichwa. Namunyak akawaita wanawe ndani. Kumbe kwao mifugo haihesabiwi hivyo, watoto ndiyo kabisa — ni kuwaitia kifo. Sisi tuliohamia toka Kansay tungejuaje?

Alhamisi, 7 Juni
Sintamei hakuja kucheza. Binti wa Namunyak, rafiki pekee wa mwanangu. Leonida kamwekea kiazi mpaka kimekauka. Ananiuliza namba zina ubaya gani. Inaniuma.

Jumapili, 10 Juni
Nimekwenda kuomba radhi, na sukari kidogo. Namunyak kasema mtoto aje, ila akirudia ndiyo basi. Nikamuuliza, sasa yeye anajuaje kama mbuzi wote wamerudi? Kacheka. Akasema, kwani yeye wanawe anawajua kwa kuwahesabu? Mbuzi nao anawajua kwa sura.

Leonida alikuwa anasikiliza.

Jumatano, 13 Juni
Ukungu tena, mzito. Mbuzi wanatokea humo mmoja mmoja, taratibu, kama ndoto. Namunyak alikuwa ananisimulia habari za harusi, hatazami sana. Leonida kabana midomo, vidole vinacheza nyuma ya mgongo. Nikajua anafanya nini. Nikamkazia macho.

Namunyak akaanza kuziba lango kwa miiba. Machozi yakamtoka mwanangu. Nami, mama yake, nikamminya bega anyamaze!

Akaniponyoka. Akamwendea Sintamei, akamuuliza polepole: yule mweusi mwenye sikio jeupe, leo analala wapi?

Namunyak akapitisha macho kundini. Akatupa miiba, akatoka mbio.

Naandika nimesimama mlangoni kwetu, hatua chache toka lango la boma, giza linaingia. Patrisi kamfuata Namunyak na tochi. Nasikia wanamwita mbuzi huko ukunguni, sauti zinazidi kwenda mbali. Fisi nao wameanza. Sijui kesho watasema nini juu ya mwanangu.

Langoni wamebaki wawili. Wameshikana mikono. Ni Sintamei aliyeanza kumshika.