Mjomba Hachunguzwi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, mtaani anaitwa Bibi Mfuaji
Umri: hajui hakika, anakadiria sabini na kitu
Kazi: kufua nguo za watu
Makazi: nyumba za nyuma ya soko, chumba cha mwisho
Elimu: hakusoma

Kabla hujaandika lolote, mjukuu wangu, andika kwamba mmechelewa. Nilikuja hapa mwezi uliopita, mkaniambia nirudi nyumbani, askari atafuata. Nimefagia kila asubuhi nikijua nina mgeni. Hata mvua ya mbali hutuma wingu kwanza. Ninyi hata salamu.

Nina mtoto wa mwisho, namwita Kitinda. Ni mwanamume wa miaka thelathini na minane, ana ndevu zake, lakini akili ilibaki ya mtoto na maneno yake ni machache. Jumatatu hadi Ijumaa hushinda kwenye nyumba ya kulelea watu wazima wasiojiweza, mimi nikiwa kwenye mabeseni.

Pale kila mfanyakazi huchunguzwa polisi kabla ya kuanza. Mpishi alichunguzwa, mlinzi alichunguzwa. Mwaka jana niliomba kufua mashuka yao, nikaambiwa nikatoe alama za vidole. Sabuni imenila vidole, mashine ikakosa cha kusoma. Msimamizi akasema hawezi kunipokea. Nikacheka, nikamwambia basi mikono yangu imezidi usafi. Sikukasirika. Nilijua wanamlinda mwanangu.

Kisha akaja bwana mmoja wa kujitolea. Hakutaka mshahara. Alileta katoni za sabuni na sukari, akawa anaogesha wanaume. Wote wakamwita Mjomba. Nami nilimwita hivyo, tena nikamwombea dua.

Mnamo tarehe nne mwezi uliopita, Jumanne, yapata saa nne asubuhi, nilipeleka nguo safi za Kitinda. Nikasikia sauti yake bafuni, nikasukuma mlango. Mwanangu alikuwa uchi, amejikunyata kando ya ndoo, mikono kichwani. Mjomba alikuwa amejizungushia mkanda kiganjani. Mgongoni mwa mwanangu palikuwa na michirizi, mipya na ya zamani. Ya zamani, mjukuu wangu. Ndipo nikajua kwa nini nyumbani alikuwa hakubali tena nimsugue mgongo.

Mjomba alisema, "Mama, huyu bila hivi haogi."

Nilimmwagia maji ya ndoo, na ndoo yenyewe ikafuata. Hilo nalo liandike, silikani.

Msimamizi alipofika nilimuuliza kama Mjomba naye alichunguzwa. Akasema, "Bibi, mtu anatusaidia bure. Nikimwambia akatoe vidole si nitakuwa nimemtukana?" Nilimwambia aliyetukanwa ni mwanangu, tena mgongoni.

Nilipokuwa natoka, mlinzi alinisimamisha getini. Akaniambia anamjua Mjomba tangu nyumba ya wazee alikolinda zamani. Huko Mjomba alimvunja mzee mkono, akafungwa. Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akajibu, "Nilisema, mama. Wakaniuliza kama namwonea wivu."

Siku hiyohiyo nilikuja hapa. Habari za kifungo chake mnazo ninyi wenyewe, kwenye hayo makabati nyuma yako. Hakuna aliyekuja kuziuliza, na ninyi hamkuinuka kuzitazama. Jana mlinzi kanipitia. Anasema Mjomba ameondolewa kule kimyakimya, na sasa anapeleka sabuni kwenye nyumba ya bibi vizee karibu na hospitali. Anawaogesha. Ndiyo maana leo sikungoja mgeni.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Ya mlinzi ni ya mlinzi, mwiteni ayaseme. Nimesomewa, hakuna neno lililopotea.

(Dole gumba la kulia la shahidi)

MAELEZO YA OFISA: Nimeyaandika mwenyewe na kumsomea shahidi kwa Kiswahili. Dole lake halikutoa alama mara mbili; mara ya tatu imetoka nusu. Shahidi amekataa kuondoka mpaka niongeze haya kama alivyoyatamka:

"Kesho anzeni kwa bibi vizee, sisi tutangoja, tumezoea. Ukimaliza, njoo umwone Kitinda. Lakini huo mkanda wako uvue, uuache hapahapa kituoni. Kwangu ingia umeshika suruali kwa mkono."