Salamu za Viatu vya Bluu

Monterrey, 4 Machi 2018

Yadira mwanangu,

Hujambo huko Houston? Mimi mzima. Mgongo unauma, lakini huo unauma tangu hujazaliwa. Paka wa mama yako amenenepa.

Naandika kwa kalamu kwa sababu nikishika simu nitapiga kelele.

Nimesikia wimbo wako. Walikuwa wanamfanyia mjukuu wa Fidencio sherehe ya miaka kumi na mitano. Wakapiga kumbia, kodiani nzuri, halafu ikaingia hiyo midundo yenu ya kompyuta na vijana wanaongea haraka kama wanafukuzwa. Sawa. Nikasema ni mwanangu, navumilia. Nilikuwa nakula.

Halafu kodiani ikanyamaza, ikatoka sauti ya Nabor, yule aliyekuwa akipiga muziki na kusoma salamu kwenye dansi za mtaa wetu, ile sauti yake ya zamani, nzito, inavutwa kama mpira. "Salamu kwa Herlinda, mwenye viatu vya bluu, kutoka kwa mtu anayekuona hata ukimpa mgongo."

Herlinda ni mama yako. Watu wote wakanigeukia. Fidencio akanikonyeza.

Hiyo sauti umeitoa wapi?

Baba

*

Houston, 18 Machi 2018

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi zipo, baridi imepungua. Barua yako Ubaldo wa basi aliileta imelowa kahawa lakini inasomeka.

Sauti nimeitoa kwenye kaseti ya mama. Ilikuwa ndani ya kopo lake la nyuzi, nililichukua baada ya mazishi. Juu Nabor ameandika kwa mkono wake: Dansi ya Jumapili, Agosti 1991. Niliposikia zile salamu nililia, baba. Nikasema wimbo huu lazima uwe na maneno hayo.

Nilidhani ni wewe uliyezituma.

Mwanao,
Yadira

*

Monterrey, 1 Aprili 2018

Yadira,

U mzima? Mimi nipo.

Si mimi. Watu walikuwa wanapanga mstari mbele ya spika za Nabor na vikaratasi vyao vya salamu, mimi sikuwahi kumpa hata kimoja. Unajua mwandiko wangu. Nabor angesoma nini?

Viatu vya bluu nilinunua mimi. Nilibeba zege mpaka ghorofa ya nne kwa ajili ya viatu vile. Halafu kuna mtu alikuwa anaviangalia vikicheza.

Ni Fidencio. Najua ni baba yako wa ubatizo. Ndiyo maana inaniuma. Alikuwa kila siku nyumbani, "Herlinda, kahawa yako hii haina mwenzake." Na mwaka huu nilikuwa namjengea ukuta wa nyuma ya nyumba yake. Nimeuacha nusu. Kuku wake wanatoka.

Mama yako aliificha ile kaseti. Kitu cha kawaida hakifichwi kwenye nyuzi.

Toa hiyo sauti kwenye wimbo. Hapa wanaupiga kwenye duka la nyama, wanaupiga kwenye basi, vijana wa kazini wanaupiga kwenye simu wakichanganya saruji. Kila nikigeuka, mwanaume mwingine anamsalimia mke wangu.

Usipoitoa, usiniandikie.

Baba

*

Houston, 15 Aprili 2018

Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa.

Sitoi. Hata ningetaka siwezi, wimbo umeshatoka. Mama alifua, alipika, alikungoja. Mara moja katika maisha yake kuna mtu alimtaja kwenye spika mtaa mzima ukasikia. Mtu huyo hata akiwa shetani, namshukuru.

Mkasirikie aliyezituma. Mimi usininunie.

Mwanao,
Yadira

*

Houston, 3 Juni 2018

Baba,

Shikamoo. Wiki tisa hujaandika. Ubaldo anasema anakuona kituoni, unamgeuzia uso. Sema tu kama unakula.

Mwanao

*

Monterrey, 10 Juni 2018

Yadira,

Nakula.

Nimekwenda kwa Fidencio. Nilikwenda na mwiko wa kujengea mkononi. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyekuwa unamtumia Herlinda salamu."

"Salamu zipi?"

"Za viatu vya bluu."

Akacheka mpaka akakaa juu ya matofali yangu. "Teyo, miaka ishirini na saba. Mwanamke tumemzika. Unataka tupigane, mimi na goti hili, wewe na mgongo huo?"

"Ulikuwa unamwangalia."

"Wote tulimwangalia. Anacheza katikati ya duara, wewe ungetaka tuangalie nini, nguzo? Wewe tu ndiye hukumwona. Ulikuwa nje umelala juu ya mifuko ya saruji, buti miguuni."

Nilitaka kumpiga na ule mwiko. Sikumpiga. Ni kweli nililala.

Akasema, "Ningemtumia mimi zile salamu, angeniletea jibu la kofi." Halafu akasema kitu. Nabor alikuwa hatupi vikaratasi. Mtu aliyesalimiwa akichukua kaseti ya dansi, Nabor anakunja kile kikaratasi anakiweka ndani, nyuma ya karatasi yenye jina. Nilikuwa sijui. Mimi sijawahi kusalimiwa.

Angalia ndani. Usinifiche. Kama ni mwandiko wa Fidencio nitaujua, anaandika kama kuku wake.

Baba

*

Houston, 24 Juni 2018

Baba,

Shikamoo.

Kikaratasi kimo ndani. Nimekichomoa kwa pini. Ni kipande cha mfuko wa unga wa mahindi. Upande mmoja zile salamu. Upande wa pili orodha ya dukani: limau, sabuni, uzi mweusi, misumari ya Teyo.

Mwandiko ni mmoja pande zote, baba. Ni wa mama.

Nakutumia chenyewe.

Mwanao,
Yadira

*

Monterrey, 8 Julai 2018

Yadira mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima.

Kimefika. Kimekaa mezani siku tatu, nakula pembeni yake. Ni mwandiko wake.

Nimekumbuka. Siku ile alikuja nje jasho linamtoka, akanitikisa buti. "Umesikia walivyonitaja?" Nikasema nimechoka, twende nyumbani. Njiani hakusema kitu. Nilidhani viatu vinambana.

Alikuwa anataka nimuulize nani. Nimekuja kuuliza mwaka huu, na nimemuuliza Fidencio.

Wivu haujaisha, usidhani. Zamani nilikuwa na mtu mmoja wa kumchukia. Sasa nawaonea wivu wote waliokuwa kwenye lile duara macho yakiwa wazi.

Ukuta wa Fidencio nimeumaliza. Kuku wamerudi ndani.

Wimbo uache ulivyo. Lakini ukifanya mwingine, tafuta mtu mwenye sauti nzito asome hii hapa chini. Asome polepole. Nimeiandika mara tano, herufi zimepinda, ndivyo zilivyo.

Baba yako

Kwa Herlinda, mwenye viatu vya bluu. Kutoka kwa Teyo, mume wako. Nimesikia. Nani huyo anayekutumia salamu?